Ubavu uliovunjika haukazwi kwa bendeji

Mhariri,

Kila mnapochapisha makala kuhusu kifua, mchoro unaoandamana nayo ni uleule: mbavu zimepangwa mlalo kama vidato vya ngazi, mfupa wa kidari umesimama wima katikati, moyo umesukumwa kushoto kabisa. Chini yake huandikwa "kizimba cha mbavu". Tungeuacha upite, maana michoro mibovu ni mingi, lakini safari hii makala iliendelea hadi kumshauri aliyevunjika ubavu azungushiwe bendeji ya kukaza kifua kizima mpaka mfupa uunge. Ushauri huo na mchoro huo ni ndugu. Anayedhani kifua ni kizimba ataona kukikaza ni jambo la busara, kama mtu anayekaza meza iliyolegea miguu.

Kifua hakitulii. Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila mara huingiza takriban nusu lita ya hewa. Mapafu yenyewe hayana misuli ya kujitanua. Hutanuka kwa sababu ukuta wa kifua umetanuka nayo yakavutwa. Kinachoyashikamanisha na ukuta huo ni tando mbili laini zenye ute kidogo sana katikati, na kanieneo, yaani nguvu ya msukumo, iliyo kati yake ni ndogo kuliko ya hewa ya nje. Tundu likitokea hapo hewa ikaingia, pafu hunywea.

Sasa tuuangalie ubavu wenyewe, kwa sababu mchoro wenu unakosea hapo. Ubavu hauji mbele sawasawa kutoka mgongoni. Unateremka. Ubavu wa 2 umeungana na uti wa mgongo penye pingili ya 2 ya kifua, lakini mbele unakutana na mfupa wa kidari mkabala na mahali pingili ya 4 na ya 5 zinapopakana. Kwa hiyo ncha yake ya mbele inaning'inia chini ya ile ya nyuma, na misuli ikiunyanyua, ncha hiyo hupanda na kusogea mbele pamoja na kidari, kama mkono wa pampu ya kisima. Mbavu za chini, hasa za 7 hadi 10, hufanya tofauti: hunyanyuka kwa ubavuni kama mkono wa ndoo unaoinuliwa, kifua kikapanuka kwa pembeni. Weka viganja viwili kwenye mbavu za chini, vidole gumba vielekee mgongoni, kisha vuta pumzi ndefu. Viganja vitasukumwa nje, si mbele. Halafu weka kiganja kimoja juu ya kidari na urudie. Mbavu zingekuwa mlalo kama mnavyozichora, kuzinyanyua kusingeongeza nafasi yoyote ya maana.

Ndivyo zilivyo kwa mtoto mchanga, kwa kweli. Mbavu zake ziko karibu mlalo, kwa hiyo hutegemea kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, na ndiyo maana tumbo lake hupanda na kushuka anapopumua. Ukiona sehemu ya chini ya kifua chake inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, badala ya kutoka nje, kiwambo kinavuta kwa nguvu kuliko gegedu laini, zile sehemu zinazonyumbulika zinazounganisha mbavu na kidari, zinavyoweza kustahimili. Mtoto mwenye kikohozi anayefanya hivyo huenda ana nimonia na hasubirishwi nyumbani.

Idadi ya mbavu haina mjadala: jozi 12, mwanamume kwa mwanamke. (Ile hesabu ya mwanamume kupungukiwa ubavu mmoja, yeyote anaweza kuipima kwa vidole.) Jozi 7 za juu zimefika kwenye kidari, kila moja kwa gegedu yake, za 8, 9 na 10 zimejishikiza kwenye gegedu ya ubavu ulio juu yake, za 11 na 12 zimeishia kwenye misuli. Watu wachache huzaliwa na ubavu wa ziada shingoni, na baadhi yao hupata ganzi upande wa kidole kidogo cha mkono kwa sababu ubavu huo unabana neva, yaani mshipa wa fahamu.

Kuhesabu kwa vidole nako kuna njia yake, nayo makala yenu iliikosea kwa kuanzia "ubavu wa kwanza chini ya mtulinga". Ubavu wa 1 umejificha nyuma ya mtulinga, ule mfupa unaotoka kidarini hadi begani, haushikiki vizuri. Weka kidole kwenye kibonyeo kilicho chini ya koo, kati ya mitulinga miwili. Teremka polepole juu ya kidari. Baada ya kama sentimita 5 utagusa tuta dogo lililolala mlalo. Hapo ndipo kipande cha juu cha kidari kinapoungana na kile kirefu cha kati. Toka pembeni moja kwa moja na utakuwa juu ya ubavu wa 2. Kuanzia hapo hesabu ukishuka, lakini usibaki kandokando ya kidari kwa sababu gegedu za chini zimesongamana. Sogea nje kadiri unavyoshuka. Ukifika nafasi ya 5 kati ya mbavu upande wa kushoto, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, kwa watu wengi utahisi pigo la moyo. Hiyo ni ncha yake tu. Moyo wenyewe umekaa nyuma ya kidari, theluthi mbili zikiwa zimeegemea kushoto.

Chini kabisa ya kidari, penye chembe cha moyo, pana ncha ndogo ambayo kwa vijana ni gegedu na huanza kugeuka mfupa mtu akikaribia miaka 40. Wengi huigusa siku moja wakadhani wameota uvimbe.

Turudi kwenye ubavu uliovunjika. Kwa kawaida huwa ni mmoja kati ya wa 4 hadi wa 9, na mara nyingi huvunjika karibu na pale unapokunja kona kuja mbele. Upande wa ndani, kando ya ukingo wake wa chini, kuna mfereji unaopitisha mishipa ya damu (vena na ateri) na neva, kwa mpangilio huo kutoka juu kwenda chini. (Kwa sababu hiyohiyo anayetoa maji kifuani hupitisha sindano juu ya ukingo wa juu wa ubavu ulio chini, asitoboe mishipa.) Neva hiyo ikichokozwa, kila pumzi inakuwa kichomi. Neva za 7 hadi 11 haziishii kifuani, zinaendelea hadi kwenye ukuta wa tumbo. Ile ya 10 inafika penye kitovu. Ndiyo maana mtoto mwenye nimonia ya sehemu ya chini ya pafu anaweza kulalamika tumbo.

Mwenye maumivu hayo hupumua kijuujuu na kuzuia kikohozi. Sehemu ya chini ya pafu haifunguki, makohozi yanabaki, na baada ya siku chache nimonia inaingia. Bendeji ya kukaza huongezea ubaya huohuo, na mfupa haunufaiki, kwani ubavu mmoja uliovunjika tayari umeshikiliwa na misuli na mbavu za juu na chini yake. Utaunga wenyewe kwa wiki 6 hivi.

Anachohitaji mgonjwa ni dawa ya maumivu inayotosha kumwezesha kuvuta pumzi ndefu, inywewe kwa saa zake kama ilivyoelekezwa, si mpaka azidiwe. Akae wima au alale mgongo ukiwa umeinuliwa. Kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu kama 10, kila moja aishikilie sekunde 2 au 3 kisha aiachie. Anapotaka kukohoa, aukumbatie mto na kuubana juu ya mahali panapouma, akohoe kwa nguvu, auachie. Mto unabana kwa sekunde chache. Bendeji inabana usiku na mchana.

Eksirei isimdanganye mtu. Nyufa nyingi za mbavu hazionekani kwenye picha ya kwanza, na gegedu haionekani kabisa mpaka iwe imeingia chokaa. Daktari anapoagiza picha hiyo, anachokitafuta hasa ni hewa au damu iliyovuja ndani ya kifua.

Hospitali ni lazima bila kungoja pakiwa na pumzi zinazokatika, damu kwenye makohozi, kuzimia, au kipande cha kifua kinachoingia ndani wakati kingine kinatoka nje. Hiyo hutokea mbavu 3 au zaidi zinazofuatana zinapovunjika kila moja mahali pawili. Mbavu za chini zina hatari ambayo mchoro wenu umeificha kabisa, kwa kuwa umechora mapafu hadi kwenye ukingo wa mwisho. Mtu akitoa pumzi, paa la kiwambo upande wa kulia hupanda hadi karibu na ubavu wa 5. Ini limo ndani ya mbavu. Bandama imelala nyuma ya ubavu wa 9, 10 na 11 kushoto, na figo ziko mbele ya zile za mwisho. Aliyegongwa hapo akaanza kuumwa ncha ya bega la kushoto, bega likiwa halikuguswa, huenda anavuja damu tumboni. Kwa watoto mbavu hupinda bila kuvunjika, hivyo pafu linaweza kupondeka huku picha ikionyesha mifupa mizima. Kwa wazee, kikohozi kikali peke yake kinaweza kuvunja ubavu.

Jambo moja zaidi, kwa sababu makala iliwatisha wasomaji kuhusu kuvunja mbavu wakati wa kumshindilia kifua mtu mzima ambaye moyo umesimama. Kiganja huwekwa nusu ya chini ya kidari, si kwenye ile ncha ya chembe cha moyo; kina ni sentimita 5 hadi 6; kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kiachwe kirudi juu kikamilifu kila mara, maana moyo hujaa damu wakati huo. Mlio wa ubavu au gegedu kuvunjika husikika mara nyingi. Hakiki mkono uko mahali pake, endelea.

Tunaomba sentensi ya bendeji isahihishwe katika toleo lijalo, ukurasa uleule ilipochapishwa. Mchoraji naye aanze upya kwa mistari miwili: mmoja kutoka pingili ya 2 mgongoni, ukiteremka hadi kwenye lile tuta la kidari, na mwingine wa kiwambo, ukiwa juu, karibu na ubavu wa 5.

Wenu,
Wafundishaji wa anatomia na huduma ya kwanza