Pasta Blumhardt hakukimbilia spika

Mhariri,
Mimi naishi Kayole na nimeokoka, kwa hivyo msidhani napinga maombi. Kulikuwa na pasta wa Ujerumani, Johann Christoph Blumhardt, alizaliwa Stuttgart 1805, akatumwa kijiji cha Möttlingen 1838 na huko ndio akakutana na Gottliebin Dittus, msichana aliyesumbuliwa na mapepo. Sasa angalieni vile alifanya, hakuenda kwake peke yake, alienda na mkuu wa kijiji na watu wengine wawe mashahidi, daktari naye alikuwa anamtibu, yeye akashikilia maombi na kufunga karibu miaka miwili mpaka Desemba 1843 ndio kukasikika ile sauti, "Yesu ni mshindi". Miaka miwili jamani! Na huyo dada hakuachwa hivyo, alichukuliwa akaishi na familia ya pasta.

Binti ya dadangu ana kifafa. Mwaka jana alipelekwa kesha, mashemasi wawili wakamshika mikono, spika iko karibu na sikio lake, vidonge vimebaki kwa mkoba wa mamake sababu waliambiwa kumeza dawa ni kukosa imani. Saa kumi alfajiri akaanguka akajiuma ulimi, damu ikajaa kwa sweta ya shule. Niliifua mimi, haikutoka yote.

Wachungaji wetu, nawasihi, ombeeni watoto lakini waacheni wameze dawa yao, na msiwaangushe mbele ya kamera.

Msomaji, Nairobi