Barua kwa mwanangu: usisubiri kelele

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma na nimefurahi sana. Watoto wako wawili na watatu wa kaka yako, wote pamoja ghubani Jumamosi kutwa, na ninyi mabinti wawili ndio wakubwa wao! Goti langu limenikatalia safari hii, lakini moyo utakuwa huko tangu alfajiri. Nilipofika kwenye sentensi yako ya mwisho ndipo nilipotafuta kalamu. Uliandika, "Usiwe na wasiwasi, baba, maji ya pale yametulia kama ya mtungini."

Ni kweli yametulia. Ndiyo maana nakuandikia.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia sawasawa. Ulikuwa na miaka 6. Maji yalikufika kifuani, bahari imelala, hakuna wimbi lililozidi unene wa kiganja. Mimi nilisimama hatua kama kumi kutoka ulipokuwa, nikizungumza na jamaa tuliyekutana naye pale. Sikuwa nimekusahau, mwanangu. Nilikuwa nakusikiliza. Niliamini ukipatwa na lolote utaniita, au nitasikia maji yakipigwa. Ukapiga hatua moja kando, mahali mchanga ulipokuwa umechimbika, maji yakakupita kichwa. Sikusikia kitu. Mama mmoja aliyekuwa akiogelea karibu ndiye aliyekushika kwapani akakuinua. Ulikohoa, ukanitazama, kisha ndipo ukalia. Kilio kile kilikuwa sauti ya kwanza niliyoisikia, na kilipotoka ulikuwa umeshaokolewa.

Yule mama sikumjua jina na sikumwona tena. Namwombea mpaka leo.

Tangu siku ile kuna methali inayonikwaza kila ninapoisikia: mfa maji haachi kutapatapa. Katika mambo mengine ya dunia huenda ni kweli. Kwa mtoto anayezama si kweli, na aliyekuzwa na methali hiyo hukaa ufukweni akisubiri kishindo ambacho hakiji. Mtu anayejua kuogelea aliyeishiwa nguvu anaweza bado kupunga mkono na kuita. Anayezama hasa hawezi, maana sauti huhitaji pumzi, na pumzi ndiyo anayoikosa. Mmarekani mmoja, Frank Pia, aliyefanya kazi ya uokoaji katika fukwe za New York, aliwatazama kwa makini watu waliokuwa wakizama kweli, akaeleza alichokiona: mwili umesimama wima majini, miguu haipigi, kichwa kimelala nyuma, mdomo uko sawa na uso wa maji, unazama na kuibuka. Mikono imetandazwa pembeni ikiyasukuma maji chini, kama mtu anayepanda ngazi isiyokuwapo. Hapungi mkono, hashiki kamba anayorushiwa. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60, kisha anatoweka, na mtoto mdogo hupata sekunde chache kuliko mtu mzima.

Kwa hiyo, mwanangu, kelele za watoto majini ni habari njema. Wakipiga mayowe, wakirushiana maji, wakigombania mpira, mshukuru Mungu. Mmoja akinyamaza, inuka. Ukimwona amesimama tu anaangalia juu, mwulize, "Uko salama?" Akijibu, hewa anayo. Asipojibu, usiulize mara ya pili, mfuate.

Nakuomba wewe na wifi yako mpokezane zamu za kutazama. Dakika 15 kwa mmoja, halafu mwenzake. Mwenye zamu hashiki simu, hapangi taulo, hampaki mtoto mafuta ya jua, hazungumzi na mtu huku amemgeukia. Kazi yake ni macho tu, akihesabu vichwa: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, kisha anaanza upya. Na zamu ikibadilishwa itamkwe kwa mdomo, "Sasa ni wewe," na mwenzake aitikie, "Ni mimi." Utaona kama ni urasimu usio na maana kati ya mawifi. Mimi nimeona hatari kubwa kuliko zote ikiwa ni ufuo wenye watu wazima wanane, kila mmoja akiamini kwamba kuna mwingine anayetazama. Hata akiwapo mwokoaji wa ufukweni, yeye ana mamia ya vichwa vya kuhesabu, wewe una vitano.

Kitindamimba wako ni wa mkono. Yaani ukinyoosha mkono umguse, muda wote akiwa majini, hata kama maji yanamfika magotini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Robo nzima, mwanangu.

Sasa nikuambie kwa nini naipenda ghuba, usije ukadhani nataka mkae mchangani. Rasi mbili zinaikumbatia pande zote. Wimbi linalotoka bahari kuu likifika pale hupinda, hujitandaza, na kadiri linavyojitandaza ndivyo linavyopoteza nguvu. Mpaka lifike kwa watoto limebaki mkunjo tu wa maji. Hakuna mahali pazuri kuliko hapo pa kumfundisha mtoto kuelea. Na kuelea ndiko kwa kuanzia, kabla ya mtindo wowote wa kuogelea. Nakumbuka siku uliyojifunza. Nilikuwekea viganja viwili, kimoja chini ya kisogo na kingine chini ya kiuno, nikakwambia uyaache masikio yaingie majini, kidevu kitazame juu, tumbo liinuke, kifua kijae hewa. Ulikuwa mgumu kama ubao. Tukakaa hivyo sijui kwa muda gani, nikikuhadithia jambo ili usahau hofu. Nikauondoa mkono wa kiunoni. Baadaye nikauondoa na wa kisogoni, sikukwambia. Ulielea peke yako, umefumba macho, unaniuliza hadithi inaendeleaje.

Ukifanya hivyo na binti yako mwenye woga, usimharakishe. Maji ya bahari yatakusaidia, kwa kuwa chumvi huyafanya mazito kuliko maji baridi na humbeba mtu kwa wepesi zaidi. Mwache kwanza apulize mapovu, alowanishe uso mwenyewe, aokote kokoto kwenye maji ya kifundo. Mtu asikudanganye kwamba mtoto hujifunza kwa kutupwa. Anachojifunza ni kutomwamini aliyemtupa. Siku akijua kulala chali na kupumua, atakuwa na kitu cha kufanya akichoka, akipaliwa au akishikwa na mshipa mguuni. Hicho ni kikubwa kuliko kujua mitindo minne.

Lakini ghuba ina udanganyifu wake, na ule wa upepo ndio unaoniogopesha zaidi. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, maji ya karibu na ufuo hulala laini kama kioo, kwa sababu ardhi imeyakinga. Mzazi huona hiyo ndiyo siku nzuri. Kumbe kila kinachoelea kinasukumwa nje, na kikishavuka kivuli cha nchi kavu upepo hukichukua kwa kasi. Kabla hamjaingia majini simama, rusha mchanga mkavu kidogo hewani, utazame unaelekea wapi. Ukielekea baharini, siku hiyo hakuna ubao wa kasia wala kayaki, ule mtumbwi mdogo mwembamba, kwa watoto, mtaogelea tu kwenye maji ya kina kifupi.

Na yale madude ya plastiki yanayojazwa upepo, magodoro na pete na mamba, nakuomba yabaki nyumbani. Najua watoto watanung'unika. Hayo ni ya bwawa. Baharini ni tanga lisilo na usukani, na mtoto aliyelala juu yake hahisi anavyokwenda mpaka ageuke auone ufuo umekuwa mwembamba. Mpira nao ni hivyo hivyo. Wafundishe mapema, kabla hamjashuka garini, kwamba mpira ukichukuliwa na upepo unaachwa uende. Watu wazima wanaoogelea vizuri wamekufa wakiufuata mpira, maana kila wakipiga mkono unasogea mbele kidogo, na wanapokata tamaa njia ya kurudi imeshakuwa ndefu na nguvu zimekwisha.

Kijana mkubwa wa kaka yako najua hana hamu na lolote isipokuwa kayaki na ule ubao wa kupigia kasia umesimama. Mpe, ana umri nao. Aanze safari kwa kupiga kasia dhidi ya upepo, ili akichoka upepo ndio umrudishe. Ubaoni afunge ile kamba ya mguuni kila mara, kwa kuwa akianguka ubao ukimkimbia amepoteza chombo kikubwa kinachoelea kuliko vyote. Upepo ukiongezeka apige magoti, ukizidi alale kifudifudi apige maji kwa mikono. Kayaki ikipinduka aishikilie hiyo hiyo, asijaribu kuogelea kwenda ufuoni. Chombo huonekana kutoka mbali, kichwa cha mtu hakionekani. Na jaketi la kuokolea livaliwe, si kukaliwa. Mfunge vifungo vyote, kisha lishike mabegani ulivute juu: likipanda mpaka masikioni ni kubwa kwake, na majini litamvuka.

Usimruhusu atoke nje ya rasi. Maji hupwa kwa muda wa saa 6 na dakika chache, lakini hayatoki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huondoka kama sehemu moja kati ya 12, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, kisha hupungua tena mbili na moja. Maana yake nusu ya maji yote yanayopwa huondoka ndani ya zile saa mbili za katikati, na yote yanapita kwenye mdomo wa ghuba. Watoto wanaocheza ndani hawahisi chochote. Aliye mdomoni anachukuliwa. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndiyo zaidi. Tazama jedwali la maji kabla ya kwenda, na mkiweza ogeleeni yanapojaa.

Mchezo mmoja uupige marufuku kabisa: kushindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu zaidi. Najua unaonekana wa amani, hakuna anayekimbia wala kugombana. Watoto huhema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama, wakidhani wanajaza hewa. Wanachofanya ni kuifukuza ile hewa chafu ya mwilini, nayo ndiyo inayotulazimisha tuvute pumzi. Ikipungua, mtoto hahisi haja ya kuibuka, huku oksijeni inamwishia. Anazimia chini ya maji bila onyo, na waliosimama juu wanahesabu sekunde wakimshangilia. Huwapata hata waogeleaji hodari. Wape mashindano ya kuokota kokoto, ya kuelea, ya kupiga kasia, yako mengi.

Nguo zao za kuogelea ziwe za rangi kali, machungwa au manjano au waridi ya kung'aa. Bluu na nyeupe hupotea majini; jaribu mwenyewe uone. Na midomo ikianza kutetemeka watoke, hata wakiapa hawasikii baridi. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi kama mara 25 kuliko hewa, na miili midogo hupoa upesi.

Likitokea la kutokea, usijirushe tu. Najua utataka. Piga kelele watu wasikie, mnyooshee kasia ukiwa umekanyaga chini, au mrushie kitu kinachoelea ikiwa bado anaweza kukishika. Ukilazimika kuingia, ingia na kitu cha kuelea na ukiweke kati yenu, kwa sababu anayezama hukikwea chochote alichokigusa, hata mama yake. Aliyetolewa majini akiwa hapumui anahitaji kupuliziwa pumzi tangu mwanzo, kubonyeza kifua peke yake hakutoshi kwake, kwani hewa ndiyo aliyoikosa. Hilo barua haiwezi kukufundisha. Tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza kabla ya Jumamosi, na mimi nitakaa na watoto siku utakayokwenda.

Nataka warudi jioni wamechoka, ngozi zina chumvi, wanasinzia mabegani mwenu. Wewe ulikuwa ukisinzia hivyo. Nilikuwa nikikubeba mpaka garini nahesabu pumzi zako shingoni mwangu, na baada ya ile siku nilizihesabu miaka mingi.

Filimbi yangu nimeiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi la taulo. Kamba ilikuwa imechakaa, nimeibadilisha. Mlio mmoja mrefu ni kila mtu atoke majini, wakubwa wanaujua tangu nilipokuwa nao. Wadogo uwafundishe mkifika, kabla hawajavua viatu. Mwenye zamu ndiye anayeivaa.

Mkirudi nipigie, hata ikiwa usiku.

Baba yako