Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wenye Kumbi za Sherehe

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mlituagiza tushughulikie jambo linalotuaibisha kuliko yote mbele ya wateja: ukumbi ukijaa, intaneti inakata. Ya ada na leseni yamekwenda vizuri, Mweka Hazina atayaeleza. Mimi naomba tukae kwenye hili.

Nianze na kosa letu. Mwezi Machi, kwenye ukumbi wa mwanachama mmoja aliyejitolea, tulifunga ruta mbili zenye nguvu kubwa, moja kila upande. Alhamisi tulijaribu ukumbi ukiwa mtupu, video zikacheza bila kukwama. Jumamosi ikaja harusi. Wageni walipokwisha kukaa, simu zilionyesha alama zote za mtandao lakini hata picha moja haikutoka. Mpiga picha alikuwa akirusha sherehe kwa ndugu walioko Muscat. Mama wa bwana harusi alinifuata akaniuliza kama dada yake ataiona. Sikuwa na la kumjibu, na lile swali sijalisahau.

Fundi tuliyemwita alitufungulia simu yake tuone: ruta zetu zote mbili, pamoja na za maduka ya jirani, zilirundikana chaneli ya 6, yaani njia moja ya mawimbi. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli 3 tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Tena mwili wa mtu una maji mengi, na maji humeza mawimbi. Nguvu ya ruta nayo haikutusaidia kitu: mgeni anaisikia kutoka mbali, ila simu yake haina nguvu ya kuijibu.

Alitueleza habari za Levi's Stadium ya California, iliyofunguliwa 2014 ikiwa na vituo vya Wi-Fi, yaani vifaa vya kurushia mtandao, takriban 1,200, vingi vikiwa chini ya viti. Kule miili ya mashabiki inasaidia, maana inazuia kituo kimoja kisiingilie kingine.

Agosti tukafanya hivyo kwa kadiri yetu: vituo vidogo 8 vya Wi-Fi 6 (toleo la sita la Wi-Fi), nguvu imepunguzwa, masafa ya gigahezi 5, kila kimoja na chaneli yake. Wi-Fi 6 hugawa chaneli vipande vipande, simu kadhaa zikahudumiwa kwa mpigo badala ya kupanga foleni. Umeme na data vinapita kwenye kebo moja, isiyozidi mita 100 kutoka kwenye swichi, yaani kifaa kinachogawa mtandao kwa vituo. Mtandao wa wageni tumeutenga na wa ofisi unaopokea malipo. Hili la kutenga nawasihi mlifanye wiki hii. Kwa vifaa vingi ni mipangilio tu.

Harusi iliyofuata nilisimama kando ya mpiga picha mpaka keki ikakatwa. Intaneti haikukata hata mara moja.

Wapo wanaotaka tusubiri Wi-Fi 7, iliyoanza kupewa vyeti Januari 2024. Kamati haikubali. Simu nyingi za wageni wetu bado haziitumii, na kebo nzuri tukiivuta leo itabaki hata vituo vikibadilishwa. Ila iwe shaba halisi. Tulikwangua kwa kisu waya wa kebo moja ya bei nafuu, ndani ukatokea weupe wa alumini.

Kwa hiyo kamati inaomba idhini yenu tununue kebo kwa pamoja, kila ukumbi ulipie mita zake. Fomu za vipimo ziko mezani kwa Katibu.