Gego la mwanangu

Dar es Salaam

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mwanangu naye mzima, ila gego lake la chini limeoza, halina la kuokoa. Wiki iliyopita nilimpeleka kwa daktari wa meno wa hapa mtaani. Sijamaliza kueleza, keshashika sindano ya ganzi: "Mama, dakika tano tu." Nikamwambia mtoto ana hemofilia, ule ugonjwa wa damu kutoganda upesi. Akasema atambana na pamba. Nikamshika mwanangu mkono, tukaondoka.

Unamkumbuka marehemu kaka. Ulikaa nami barazani siku zile yuko jandoni na damu haikatiki. Watu wazima wakasema kijicho. Kumbe ni damu yenyewe. Sisi wanawake mara nyingi twaibeba bila kuumwa, tukawarithisha watoto wa kiume. Dakika tano za yule bwana nisingeweza kuzikubali.

Nikaenda Muhimbili, kliniki yetu ya damu. Wao walianza na mizani: kilo 30. Yuniti moja ya fakta 8, ile protini ya kugandisha damu inayompungukia, kwa kila kilo hupandisha kiwango chake mwilini kwa asilimia 2. Cha kwake hakifiki hata asilimia 1, nao wanataka kifike 50, basi ni yuniti 750, chupa tatu za 250. Atachomwa mshipani kabla ya ganzi, maana hata sindano ya ganzi ya taya la chini inaweza kuvujisha damu ndani kwa ndani hadi kooni, ikambana pumzi. Miaka tisa namlea, hilo sikulijua! Nusu ya dawa huisha mwilini kwa saa 8 hadi 12, kwa hiyo usiku ndio mtihani. Kuna na vidonge vya asidi ya traneksamiki vya siku saba, ili donge la damu lisiyeyuke mapema. Maumivu, parasetamoli tu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki asiguse.

Tumepangiwa Jumanne asubuhi. Nilitaka Ijumaa asikose shule, muuguzi akacheka: damu ikianza Jumamosi usiku utampata nani?

Baba yake yuko safarini. Njoo ulale kwangu siku hiyo, tupokezane kuukagua mto wake. Uji nitaupika na kuupoza mwenyewe. Na mama, namheshimu sana, lakini mwambie kashata zake asitume mpaka kidonda kifunge. Huyu mtoto akiziona hasikii la mtu.

Mwenzio