Mashimo ya "mali ya Mjerumani" yanatufutia historia ya Majimaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo huku kusini tumelizoea mno: uchimbaji wa kile kinachoitwa mali ya Mjerumani, yaani dhahabu na fedha zinazosemekana Wajerumani walizifukia wakati wa ukoloni wao. Watu huja usiku na sururu, na mganga, na siku hizi na mashine ya kutambua madini. Huchimba kando ya boma la zamani, chini ya mbuyu, penye jiwe lililochorwa msalaba au mshale, hata juu ya makaburi. Kukicha limebaki shimo. Habari hizi husikika pale kifusi kinapowafukia wachimbaji, au dalali anapomtapeli mtu fedha zake. Shimo lenyewe limeharibu nini, hakuna anayeuliza.

Uvumi huu haukuzuka hivihivi. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikatiwa njia ya bahari, wakaanza kujitengenezea fedha humu humu nchini. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Hazikufika elfu 20. Septemba mwaka huohuo Tabora ikachukuliwa na jeshi la Wabelgiji lililotoka Kongo. Kule Kigoma waliizamisha wenyewe meli yao ya Goetzen, mitambo ikiwa imepakwa grisi nzito isishike kutu, kwa matumaini ya kuirudia. Meli hiyo iliibuliwa baadaye na Waingereza, nayo ndiyo Liemba tunayoijua. Kwa hiyo mzee aliyewaambia wajukuu zake kwamba Mjerumani alificha kitu hakuwa mwongo.

Lakini kutoka meli moja ziwani hadi dhahabu chini ya kila mbuyu ni mbali sana. Sarafu za Tabora zilipigwa ili zitumike. Rupia ya kawaida ilikuwa ya fedha, gramu 11.66, ikipita sokoni na kwenye kodi kwa miaka mingi, ndiyo maana bado huokotwa mashambani. Ina thamani ya fedha iliyomo na ya mkusanyaji atakayeipenda, basi. Kikosi cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, kilichopita kusini mwaka 1917 kilikuwa kimepungukiwa chakula, dawa na viatu. Kijana anayeuza mbuzi wa baba yake ili amlipe mganga wa kafara anapoteza mbuzi, na sisi wengine tunapoteza kitu kikubwa zaidi.

Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, vilivyoanza Nandete, Umatumbi, Julai 1905 kwa kung'oa pamba, vimetufikia kwa njia tatu. Ya kwanza ni maandishi ya Wajerumani wenyewe, yaani ripoti za maofisa na barua za wamishenari, ambayo yanahesabu kwa uangalifu risasi walizotumia na Wazungu waliokufa, lakini watu wetu yanawataja kwa makundi tu. Ya pili ni masimulizi. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda vijijini wakaketi na wazee walioviona vita hivyo kwa macho yao. Ilikuwa kazi kubwa, na bila kazi hiyo tungekuwa maskini wa habari. Wazee wale wote wametangulia, na hakuna atakayewauliza swali jipya tena.

Njia ya tatu ni ardhi. Hii peke yake bado inaweza kujibu maswali mapya, lakini tukiichimba ovyo inanyamaza daima.

Wengi wanadhani mwanaakiolojia anatafuta vitu, kama yule msaka mali, tofauti ikiwa ni kwamba huyu ana shahada. Sivyo. Anachotafuta ni mahali kitu kilipolala na kilicholala pamoja nacho. Chukua ganda la risasi. Risasi nyingi za bunduki za Kijerumani zilipigwa mhuri kitakoni, kwa hiyo ganda linaweza kusema kiwanda na mwaka. Maganda mia yakiachwa yalipoangukia na kuchorwa kwenye ramani, yanaonyesha mstari wa askari ulisimama wapi, ulirudi nyuma wapi, na bunduki ya rashasha iliwekwa upande gani. Goroli za magobori zinaonyesha wapiganaji wetu walisogea hadi umbali gani. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, Wapogoro na Wambunga waliikabili boma yenye bunduki za rashasha. Je, walifika karibu kiasi gani? Ripoti za Wajerumani zina jibu lao, na udongo ungeweza kuwa na jibu jingine. Mtu akipita na mashine yake akaokota kila chuma na kukitupa kwa hasira kwa kuwa si dhahabu, jibu hilo limekwisha.

Boma ndilo lenye mambo mengi zaidi. Nyuma ya kila boma palikuwa na jaa. Humo mna chupa za bia kutoka Ujerumani, lakini pia vigae vya vyungu vya hapa hapa, shanga, mifupa ya wanyama walioliwa, viko vilivyovunjika. Ripoti ya mkuu wa wilaya haimtaji mwanamke aliyempikia askari, wala haisemi kama askari kutoka Sudan alikula alichokula Mngoni, wala mfungwa alilala wapi. Jaa linaweza kusema. Linasomwa kwa tabaka, la chini likiwa la zamani kuliko la juu. Shimo la mita mbili la msaka mali huchanganya 1897 na 1916 na mfuko wa plastiki wa juzi, na hakuna fundi duniani anayeweza kuyapanga tena.

Halafu kuna vijiji vilivyochomwa. Majeshi ya Wajerumani yaliteketeza maghala na mashamba kwa makusudi ili njaa imalize kazi, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Ni wangapi? Wanahistoria wanataja kuanzia watu 75,000 hadi 300,000. Tazama pengo hilo, ndugu Mhariri. Ni watu zaidi ya laki mbili ambao hatuwezi kusema kwa uhakika kama walikufa au la. Mahame yale, yenye mashimo ya nguzo za nyumba na nafaka iliyoungua, ni ushahidi ambao ungesaidia kulipunguza pengo hilo, iwapo tutayafikia kabla ya sururu. Wapo wasomi wetu wanaoifanya kazi hii, akiwemo Nancy Rushohora wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyetafiti akiolojia ya Majimaji. Ni wachache, na eneo la vita ni karibu theluthi ya nchi.

Sasa nije kwenye sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 na majengo na miundo ya kabla ya 1886. Milango ya kuchonga imeongezewa muda, hadi 1940. Kinachobaki baada ya hapo hulindwa Waziri akikitangaza. Weka tarehe zetu kando ya tarehe hizo. Lugalo, ambako Wahehe walimuua kamanda wa Kijerumani Zelewski na kulivunja jeshi lake: 17 Agosti 1891. Kuanguka kwa Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe: 30 Oktoba 1894. Boma la Mikindani: 1895. Kunyongwa kwa Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa ya vita, pale Mohoro: 4 Agosti 1905. Kunyongwa kwa mashujaa wa Songea: 27 Februari 1906. Hakuna hata moja lililo ndani ya ulinzi wa moja kwa moja. Mlango wa mfanyabiashara wa pwani wa mwaka 1930 una ulinzi wa kuandikwa. Hame lililochomwa na Mjerumani linasubiri mtu alikumbuke. Ukomo wa 1886 umekata historia yetu mahali hasa ukoloni unapoanza kutuuma.

Ni kweli maeneo kadhaa yametangazwa na yanatunzwa. Makumbusho ya Majimaji hapa Songea yapo tangu 1980, na Kalenga pana makumbusho yenye fuvu la Mkwawa lililorejeshwa 1954. Lakini kutangaza eneo mojamoja kunamtaka mtu ajue kwanza kwamba eneo lipo. Mahame mengi hayana jina kwenye ramani yoyote. Yanajulikana na wazee wachache, na kwa bahati mbaya na madalali.

Nimewahi kuambiwa, tena na watu ninaowaheshimu, kwamba boma la mkoloni liache libomoke, kwa nini tuhangaike na nyumba ya aliyetunyonga. Nawaelewa. Jibu langu ni kwamba boma lile Mjerumani alilichora tu. Mawe yalibebwa na babu zetu, wengine wakiwa wamefungwa minyororo shingoni, chokaa ilichomwa na watu wetu, na waliokufa wakilijenga hawana kaburi lingine. Likibomoka na jaa lake likachimbuliwa, Ujerumani haipotezi chochote, kwa kuwa makaratasi yake yako salama Berlin. Tunaopoteza ni sisi tusio na makaratasi.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa pamoja na wenzake 66. Mwaka huohuo watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu yaliyoko kule na ukoo ulio hai hapa Tanzania. Tunadai mifupa ya wazee wetu irudi, na tuna haki kabisa. Lakini nitawaambia nini wanangu nikiulizwa kwa nini mifupa iliyobaki nyumbani inafukuliwa na sisi wenyewe, tena mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kwa karatasi yenye mhuri ambayo hakuna aliyeisoma vizuri?

Ombi langu kwa Bunge ni kwamba ukomo wa 1886 uondolewe, na badala yake umri wa miaka mia utoshe kukipa kitu ulinzi, ili Majimaji na Vita Kuu ya Kwanza viingie bila kusubiri tangazo. Kwa Waziri, mamlaka anayo leo bila mabadiliko yoyote. Aanze na Nandete, Ngarambe, Mohoro, Mahenge na njia zote walizopita Wangoni, na atume watu wawaulize wazee mahame yako wapi. Serikali za vijiji ziandikiwe waraka mfupi wa Kiswahili chepesi, unaosema kwamba kuchimba malikale bila leseni ni kosa, na kwamba mhuri wa kijiji hauwezi kuwa leseni hiyo.

Kila tarehe 27 Februari viongozi huja hapa Songea kuweka silaha za jadi na mashada kwenye mnara wa mashujaa. Itakapofika siku hiyo tena, naomba mmoja wao aje na nakala ya Gazeti la Serikali yenye orodha ya maeneo hayo, na aisome jukwaani.

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Songea