Mwanangu, tafuta namba itakayokukatalia

Mwanangu mpendwa,

Insha yako nimeisoma mara mbili. Lugha imenyooka na mifano yako mitatu inapendeza. Tatizo ni kwamba yote mitatu inakubaliana nawe.

Mwaka 1960 mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, alichapisha jaribio moja ninalolipenda sana. Aliwapa watu namba 2, 4, 6, akawaambia zimepangwa kwa kanuni fulani. Waigundue kwa kutunga tatutatu zao, naye atajibu tu kama zinaifuata au la. Ungejaribu nini wewe? Wengi waliwaza papo hapo kwamba zinaongezeka kwa mbilimbili. Wakatoa 8, 10, 12: ndiyo. Wakatoa 20, 22, 24: ndiyo. Wakatangaza jibu, wakaambiwa sivyo. Kanuni ilikuwa nyepesi kupita kiasi: kila namba iizidi iliyoitangulia, basi. Hata 1, 7, 90 ingekubaliwa.

Hawakukosa akili, wala hesabu yenyewe si ngumu. Walichokosa ni kujaribu namba ambazo, kwa wazo lao wenyewe, zilipaswa kukataliwa. Kila "ndiyo" waliyoipata iliwaongezea raha, haikuwaongezea maarifa.

Daktari John Snow hakuridhika na raha hiyo. London, mwaka 1854, alishuku kwamba maji ya pampu ya Broad Street ndiyo yaliyokuwa yakieneza kipindupindu. Watu husifu ramani yake ya vifo. Mimi namsifu zaidi kwa kuwafuatilia waliomharibia hesabu. Mbona wafanyakazi wa kiwanda cha bia, jirani kabisa na pampu, walikuwa wazima? Walikunywa bia, tena kiwanda kilikuwa na kisima chake. Na mbona mjane wa Hampstead, mbali na mtaa ule, alikufa? Kumbe alikuwa akiletewa maji ya pampu ileile kwa kuwa aliipenda ladha yake.

Sasa irudie insha yako. Pembeni mwa kila dai andika kwa penseli: kama hili si kweli, ningetarajia kuona nini? Kisha nenda ukakitafute kwa bidii ileile uliyotafutia mifano yako. Ukikipata, usikifute hata kama kinakuvurugia ukurasa mzima. Niandikie ulichokuta na ulichokifanya nacho. Toleo safi linaweza kusubiri.

Akupendaye,
Baba yako