Washona nyimbo

Tanga, Aprili

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, masika yameanza na bahari imechafuka, kwa hiyo samaki ni ghali. Barua yako niliipata Ijumaa nikaisoma mara mbili barazani. Unasema umeanza habari za Wayunani wa kale, yaani Wagiriki, na baada ya kurasa thelathini za nguzo za mawe na miaka inayohesabiwa kinyumenyume umechoka, karibu ukirudishe kitabu maktaba. Usikirudishe. Ni mlango tu uliokosea, na mimi ningekupitisha kwa waimbaji.

Unaukumbuka ule mtepe, chombo cha bahari cha kizamani, tuliouona Beit al-Ajaib, Unguja, kabla jengo halijaporomoka mwaka 2020? Ulitafuta misumari ukaikosa, maana mbao zote zimeshonwa kwa kamba. Sasa sikiliza. Katika karne ya kwanza BK, mfanyabiashara mmoja wa Misri, ambaye jina lake halikubaki, aliandika kwa Kiyunani mwongozo wa safari na biashara za Bahari ya Hindi. Anashuka na pwani yetu, akiiita Azania, mpaka soko la mwisho, Rhapta. Anaeleza kwamba jina limetokana na vyombo vyake vilivyoshonwa, kwa kuwa kushona kwa Kiyunani ni *rhaptein*. Hapo walinunua pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Wakaleta mikuki, mashoka, visu, misharasi na shanga za kioo. Wasomi bado wanabishana mji huo ulikuwa wapi, wapo wanaosema Pangani hapa jirani, wapo wanaosema Rufiji.

Na neno hilohilo la kushona ndilo lililomtaja mghani wa tenzi zao ndefu. Aliitwa *rhapsodos*, yaani mshona nyimbo. Siku nilipolijua hili nilitoka nje nikatembea hadi ufukweni, nisingeweza kukaa kitako.

Tenzi kubwa mbili zilizobaki ni Iliad, ya vita vya Wayunani na mji wa Troy, yenye mistari zaidi ya 15,000, na Odyssey, zaidi ya 12,000. Wayunani wenyewe walizinasibisha na mshairi waliyemwita Homer. Watu walijiuliza kwa muda mrefu utungo mrefu kiasi hicho ulikaaje kichwani mwa mtu. Kati ya mwaka 1933 na 1935 Mmarekani Milman Parry alikwenda Yugoslavia akawarekodi waimbaji wasiojua kusoma, walioimba maelfu ya mistari. Akaona kwamba mwimbaji hakariri tu neno kwa neno. Ana vipande tayari vinavyoukaa mdundo, naye anaviunga papo hapo anapoimba. Ndiyo maana kwa Homer alfajiri ina vidole vya waridi kila inapopambazuka, na shujaa Achilles ni mwepesi wa miguu hata akiwa amekaa. Msomaji wa vitabu hukereka na marudio hayo. Wewe uliyelelewa na bibi mwenye tenzi, anayejua kipande gani kitaziba mizani minane, hayatakukera hata kidogo. Soma kwa sauti utaona. Halafu ukifika sura ya pili ya Iliad, msikilize Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wayunani, akilalamika kuwa miaka tisa imepita, mbao za merikebu zimeoza na kamba zimelegea. Wapo wasomi wanaosema merikebu hizo nazo zilikuwa za kushona.

Kabla ya Homer Wayunani walishawahi kuandika. Walikuwa na majumba makubwa ya kifalme, Mycenae, Pylos, Knossos, na makarani waliochora alama kwenye vigae vya udongo. Alama hizo zilisomeka tena mwaka 1952, baada ya Michael Ventris, msanifu majengo, kuzifumbua. Ndani yake mna hesabu za kondoo, mafuta na sufu. Majumba yaliteketea kwa nyakati mbalimbali, mengi kama mwaka 1200 KK, na moto ule ndio uliooka vigae vikadumu hadi leo, ila ujuzi wa kuandika ukapotea. Kwa karne kadhaa kilichobaki ni kinywa na sikio.

Kisha wakaazima herufi kwa Wafoinike, mabaharia wa pwani ya Lebanon. Alfa yao na alifu tuliyofundishwa chuoni ni ndugu wa tumbo moja. Wafoinike waliandika konsonanti peke yake, na wewe unajua taabu yake: andika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila irabu, "kaka" na "kuku" ni kitu kimoja. Wayunani walikuta herufi za sauti za koo ambazo lugha yao haina, ikiwemo ile ain iliyotupatia viboko, wakazigeuza kuwa irabu. Ain ikawa o. Na mojawapo ya maandishi ya kale kabisa kwa herufi hizo mpya, la karne ya nane KK, limechorwa kwenye kikombe kilichopatikana kaburini, kisiwa cha Ischia, Italia. Halihesabu kondoo. Ni ushairi, unaosema atakayekinywea kikombe hiki atashikwa na mapenzi papo hapo.

Ukiniuliza uanzie wapi, anzia mwisho, sura ya 24 ya Iliad. Hector wa Troy amemuua Patroclus, kipenzi cha Achilles. Achilles naye amemuua Hector, kisha kwa siku nyingi anaiburura maiti nyuma ya gari la farasi. Usiku mmoja Priam, baba yake Hector, mzee kabisa, anavuka hadi kambi ya adui na fidia. Anaingia, anapiga magoti, anaibusu mikono iliyowaua wanawe. Anamwambia Achilles amkumbuke baba yake mwenyewe. Wanalia wote wawili, huyu anamlilia mwanawe, huyu anamlilia baba yake, kisha Patroclus. Achilles anaamuru maiti ioshwe na kupakwa mafuta kando, mzee asiione. Wanakula pamoja. Kisha anamuuliza Priam anahitaji siku ngapi za matanga, na vita vinasimama kwa siku hizo. Utenzi unaishia kwenye maziko ya Hector. Ule mkasa wa farasi wa mbao aliyetumika kuiteka Troy haumo humo. Mshairi ni Myunani, na beti za mwisho amempa adui akizikwa na watu wake. Nilisoma hapo mwaka ule tuliomzika baba, nami niliijua ile sauti ya Priam.

Tabia hiyo ya kumpa adui sauti haikuishia kwa Homer. Mwaka 480 KK Waajemi waliiteka Athens wakaichoma, na mwaka uleule merikebu zao zikashindwa Salamis. Miaka minane baadaye, 472, Aeschylus aliwaonyesha Waathens tamthilia iliyowekwa nyumbani kwa mfalme wa Uajemi. Mama mfalme anangoja habari, tarishi anafika, majina ya waliokufa yanatajwa mmojammoja, wazee wanaomboleza. Aeschylus mwenyewe alipigana na Waajemi haohao Marathon mwaka 490 na ndugu yake aliuawa palepale. Aliyegharimia kwaya alikuwa kijana Pericles, ambaye baadaye angeiongoza Athens ilipojenga hekalu la Parthenon. Najua pia kuwa mchezo ule ni wa washindi na una fahari yao ndani yake. Lakini waliokaa pale kutazama walikuwa wamechomewa nyumba zao, na bado walipewa nafasi ya kusikia kilio cha upande wa pili.

Sitaki nikufiche upande mwingine. Demokrasia yao ilikuwa ya wanaume raia peke yao. Zile merikebu za Salamis zilijengwa kwa fedha ya machimbo ya Laurion, na waliochimba walikuwa watumwa. Sisi tunaoishi kwenye pwani iliyowahi kuuza watu hatuwezi kulipita hilo upesi. Kila vitabu vinapotaja uhuru wa Athens, mimi nawakumbuka wale waliokuwa chini ya ardhi.

Na wanawake? Mtafute Sappho wa kisiwa cha Lesbos, kama mwaka 600 KK. Maktaba ya Alexandria ilikuwa na vitabu tisa vya mashairi yake, nasi tumebakiwa na shairi moja kamili na vipandevipande, vingi vikiwa kwenye karatasi za mafunjo zilizofukuliwa katika mchanga wa Misri. Mwaka 2004 lilitangazwa moja karibu zima, lililotokana na mafunjo yaliyotumika kutengenezea gamba la maiti. Anasema nywele zake zimekuwa nyeupe na magoti hayambebi tena, magoti yaliyocheza kwa wepesi kama watoto wa paa. Msomee mama, yeye aliyekuwa akiongoza lelemama.

Wala usiwaone wageni kabisa. Kalamu uliyoniandikia ni neno lao, na kanuni, falsafa na almasi vilevile. Yote yamepitia Kiarabu kabla ya kutufikia.

Nimeanza kuitia Kiswahili ile safari ya Priam kwa mizani minane, kwenye daftari la kawaida. Nimefika anapofungasha fidia garini, na kipande cha mikono kinanishinda: nikiandika "alipoibusu mikono" nina mizani tisa, na kila ninachopunguza kinaumia. Nakuja Idi, inshallah. Daftari nitalileta, tulikalie pamoja na mama, maana sikio lake ni zuri kuliko letu.

Nisalimie watoto, na mwambie mdogo wako kitenge chake nimekipata.

Ni mimi shoga yako,
Zuhura